Tik-tik juu ya injini: kutafuta chanzo na kurekebisha vali kwenye Toyota 5A-FE, 4A-FE na 7A-FE

Corolla 100, Corolla 110, Sprinter na Carina nyingi ambazo bado zinatembea Afrika Mashariki zina injini ya 5A-FE (cc 1498), 4A-FE (cc 1587) au 7A-FE (cc 1762). Zote tatu ni za ukoo mmoja: silinda nne, vali 16, kamshafti mbili (shafti zenye nundu zinazofungua vali), belti ya taimingi, na tapeti za kikombe zenye shimu (kisahani cha chuma) juu yake. Zikizeeka huanza kulia tik-tik-tik upande wa juu, na jibu la haraka la gereji nyingi huwa moja kati ya mawili: weka oili nzito, au weka dawa ya tapeti. Hakuna kati ya hayo kinachotibu. Injini hizi hazina tapeti za haidroliki zinazojirekebisha kwa presha ya oili. Nafasi kati ya nundu ya kamshafti na shimu hupangwa kwa unene wa chuma, na hairekebishwi ila kwa kubadili shimu. Oili nzito inapunguza sauti tu.

Kuna jambo jingine la kulielewa kabla ya kushika spana. Vali inayolia siyo iliyo hatarini zaidi. Iliyolegea kwa 0.10 mm itapiga kelele na kuendelea kufanya kazi muda mrefu. Iliyobana hailii kabisa. Haifungi vizuri kwenye siti yake (ringi ya chuma inayokalia ikifunga), na vali hupoa kwa kugusa siti, kwa hiyo ukingo wake unaungua, kompresheni inashuka, na siku moja gari linaanza kumisi bila kelele yoyote ya kukuonya. Ukifungua tapeti kava (kifuniko cha juu ya vali) kwa sababu ya vali moja inayolia, pima zote 16.

Kabla ya kufungua: oili

Egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika 5. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Oili iwe kati ya L na F. Ikiwa chini ya L, jaza hadi F, washa, sikiliza upya. Kelele ikiondoka hapo, acha vali kwanza. Tafuta oili inakokwenda, kama ni ringi, sili za vali au mvujo.

Fungua kifuniko cha kujazia oili na umulike ndani kwa tochi. Rangi ya kahawia juu ya chuma ni umri tu. Tope jeusi linalokwanguka kwa bisibisi ni habari nyingine: oili imekaa kupita kiasi, na huenda njia ndogo za kwenda kwenye kamshafti zimeanza kuziba. Usikubali injini "ioshwe" kwa dizeli au mafuta ya taa. Yanavunja utando wa oili kwenye beringi, na yanang'oa tope kwa mabonge ambayo huenda kuziba chujio la pampu ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Badili oili na filta, tembea kilomita 1,000 hadi 1,500, badili tena. Tope litatoka taratibu.

Kuhusu unene, 10W-30 au 10W-40 inatosha kwa injini yenye afya. 20W-50 ina nafasi yake kwenye injini iliyochakaa na mahali pa joto kama Dar es Salaam au Mombasa, lakini asubuhi ya Njombe au Limuru itachelewa kufika juu, na hapo ndipo kamshafti inapolika. 5A-FE hunywa takriban lita 3 pamoja na filta, 7A-FE lita 3.7. Jaza kwa kufuata dipstiki, usimalize galoni kwa sababu umelinunua.

Tik-tik ya sekunde mbili au tatu baada ya kuwasha asubuhi, kisha kimya siku nzima, mara nyingi ni filta. Filta nzuri ina mpira ndani unaozuia oili kurudi chini injini ikizimwa. Zile za bei ya kutupa hazina, au wanao uliokakamaa.

Taa ya oili ikiwaka injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyaga mafuta), zima na usiendelee na mwongozo huu mpaka presha ipimwe. Swichi ya presha hufunguliwa, geji inafungwa mahali pake. Uzi wake ni 1/8 BSPT. Injini ikiwa na joto lake la kazi, presha isipungue kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba ikiwa sailensa (psi 4.3), na kwenye RPM 3,000 (mizunguko kwa dakika) iwe kati ya kilo 2.5 na 5.0 (psi 36 hadi 71). Chini ya hapo tatizo ni pampu, chujio lake au beringi, na kupanga vali ni kupoteza siku.

Kusikiliza: mapigo kwanza, mahali baadaye

Kamshafti huzunguka mara moja krenkshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) inapozunguka mara mbili. Sailensa ikiwa RPM 700, vali moja inagonga mara 350 kwa dakika, karibu mara 6 kwa sekunde. Kitu kinachokwenda na krenkshafti, kama fulaiwili au puli, kinaweza kugonga mara 700, karibu 12 kwa sekunde. Sikio lililozoea hutofautisha: vali ni kama cherehani inayoshona polepole, nyepesi na ya juu, konrodi (mkono unaounga pistoni na krenkshafti) ni nzito, inatoka chini, na inaongezeka ukikanyaga mafuta ghafla.

Ambaye hajazoea atumie taa ya taimingi. Ibane kwenye waya wa plagi namba 1, ile iliyo karibu na belti, kisha tazama mwanga huku ukisikiliza. Kwenye injini yenye distributa, plagi moja huwaka mara moja kila mizunguko miwili ya krenkshafti, sawasawa na vali. Tik moja kwa kila mmweko: chanzo kiko upande wa kamshafti. Tik mbili kwa mmweko: chanzo kinakwenda na krenkshafti. Injini isiyo na distributa mara nyingi huwasha plagi mara mbili zaidi, kwa hiyo jaribio hili usilitumie huko.

Sasa tafuta mahali. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye tapeti kava juu ya kila silinda na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Kwa sauti za hewa, bisibisi haifai. Tumia kipande cha mpira wa maji cha kama mita moja, ncha moja sikioni, nyingine ukiitembeza kwenye viungo. Vua tai, lemba au kamba ya kitambulisho inayoning'inia. Feni ya rejeta ni ya umeme na huwaka yenyewe.

Jaribio la mwisho la kusikiliza ni kukata silinda moja moja. Chomoa soketi ya injekta ya silinda ya kwanza, sikiliza, irudishe, nenda ya pili. Wengi huchomoa waya wa plagi, lakini hapo petroli mbichi inakwenda kwenye eksozi na wewe unaweza kupigwa shoti. Kelele ikipungua sana ukikata silinda fulani, mzigo wa mlipuko ndio unaoizalisha: konrodi, pini ya pistoni au pistoni yenyewe. Isipobadilika kabisa, vali inabaki kuwa mshukiwa.

Zinazofanana na vali lakini siyo vali

Injekta hulia tik kali, za haraka, zinazolingana kwenye silinda zote nne. Ndivyo zilivyo, ziache. Kifaa kidogo cha umeme kinachopitisha mvuke wa petroli kutoka kwenye kopo la mkaa nacho hutika mara kwa mara injini ikipata joto. Kiguse kwa kidole na utauhisi mdundo wake.

Manifoldi ya eksozi ndiyo inayodanganya watu wengi zaidi. Zile za chuma cha kusubu kwenye 4A-FE na 7A-FE hupasuka zikizeeka, na gasketi yake huungua. Moshi unaochomoka kwenye ufa kila silinda inapotoa hulia tik-tik ileile ya vali. Dalili yake ni kwamba asubuhi inalia kwa nguvu, na baada ya dakika 5 hadi 10 inapungua au inaisha, kwa sababu chuma kimetanuka na kuziba ufa. Vali iliyolegea haiponi namna hiyo. Ondoa bati la kuzuia joto injini ikiwa baridi, tafuta doa jeusi la masizi kwenye mwili wa manifoldi, kwenye mapito ya gasketi na kuzunguka stadi. Kisha, injini ikiwa bado baridi na mkiwa nje penye hewa, mtu awashe na mwingine azibe bomba la nyuma kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache: tik ikiongezeka, chanzo umeshakipata. Maji ya sabuni yaliyonyunyizwa kabla chuma hakijapata moto yatatoa mapovu penye ufa. Nati za manifoldi zikikazwa, anza za katikati kwenda pembeni. Ufa wenyewe huchomelewa na fundi anayejua kuchomea chuma cha kusubu, tena kwa kukipasha joto kwanza; aliyezoea mageti atakurudishia manifoldi iliyopinda.

La pili ni umeme unaovuja. Plagi za injini hizi ziko ndani ya visima virefu katikati ya tapeti kava, na sili za visima hivyo zikikauka oili inajaa mle. Mpira wa waya wa plagi hulainika na kupasuka, cheche inaruka kwenda kwenye hedi (kichwa cha injini) badala ya kwenda chini kwenye plagi, na unasikia tik kavu pamoja na kumisi kidogo. Fungua boneti usiku, zima taa zote, washa injini: cheche za buluu utaziona kwa macho. Dawa ni sili za visima, waya mpya na plagi zilizosafishwa. Vali usiziguse.

Plagi iliyolegea hutoa pumzi inayofanana na tik. Kaza kwa 18 Nm. Feni belti yenye nyuzi zilizochomoza hupiga kava kila inapozunguka: ondoa belti zote za nje, washa kwa sekunde 30, zima. Kama kelele imeondoka nazo, chanzo ni belti, altaneta, pampu ya pawa au kompresa ya AC. Hii ni njia ya dakika kumi inayookoa siku nzima. Belti ya taimingi iliyochanika pembeni nayo hukwangua kava yake. Hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama historia yake haijulikani, ibadilishe tu. Kwenye gari la otomatiki, bamba linalounganisha krenkshafti na toki konvata hupasuka kuzunguka bolti, na kelele yake husikika zaidi kwenye kengele ya gia, pale giaboksi inapoungana na injini.

Pistoni iliyochakaa hugonga kok-kok nzito asubuhi na kutulia ikipata joto. Kelele mbaya kusikiliza, ila wengi wanaishi nayo. Konrodi usiishi nayo.

Kupima vali

Injini iwe imelala usiku kucha. Vipimo ni vya injini baridi, na nusu saa ya kupoa haitoshi. Nafasi inayotakiwa:

Inleti (vali za kuingiza hewa): 0.15 hadi 0.25 mm
Eksozi (vali za kutoa moshi): 0.25 hadi 0.35 mm

4A-FE za kwanza, za mwishoni mwa miaka ya 1980, zina 0.20 hadi 0.30 upande wa eksozi. Usichanganye.

Andaa fila geji (bapa nyembamba za kupimia nafasi) ya milimita yenye bapa za 0.10 hadi 0.50, bokisi na ratcheti, mikromita ya 0–25 mm, sumaku ya kalamu, bisibisi nyembamba, na kifaa cha kubonyeza vikombe, kile chenye vipande viwili, kimoja cha kubonyeza na kingine cha kushikilia. Mikromita siyo anasa. Kalipa ya bei rahisi hukosea kwa 0.03 hadi 0.05 mm, na hiyo ndiyo tofauti ya shimu moja na nyingine.

1. Toa waya wa hasi wa betri. Puliza vumbi kuzunguka tapeti kava na ndani ya visima vya plagi kabla ya kufungua kitu. Mchanga ukidondoka kwenye silinda umejitafutia kazi nyingine.

2. Weka alama 1 hadi 4 kwenye waya za plagi, zitoe. Chomoa mipira ya kupumulia, sogeza kebo ya mafuta, fungua nati tatu za juu ya kava. Kava ikigoma, igonge pembeni kwa mpini wa nyundo. Usiichokonoe kwa bisibisi kwenye uso wa gasketi.

3. Fungua plagi zote nne ili injini izunguke kwa mkono. Zipange kwa mpangilio wa silinda: rangi zake ni ushahidi.

4. Ondoa gurudumu la mbele la kulia na kava ya plastiki ndani yake ufikie bolti ya puli ya krenkshafti. Zungusha kwa mwelekeo wa saa tu, ukitazama kutoka upande wa belti. Usizungushe kwa bolti ya kamshafti.

5. Lenganisha mkato wa puli na alama ya 0 kwenye kava ya taimingi. Shika vikombe vya silinda ya kwanza: vyote vinne viwe huru, vikizunguka kwa kidole. Vikiwa vimebanwa, uko mzunguko usio wake. Zungusha krenkshafti mzunguko mmoja kamili.

6. Hapo pima inleti za silinda 1 na 2, na eksozi za silinda 1 na 3. Andika kila kipimo.

7. Zungusha krenkshafti nyuzi 360, alama irudi kwenye 0. Pima inleti za silinda 3 na 4, na eksozi za silinda 2 na 4.

Mpangilio huo unatokana na mfuatano wa kuwaka, 1-3-4-2. Ukipima nje yake, utakuta nundu imeanza kubonyeza na utaandika namba ya uongo.

Bapa iingie kati ya nundu na shimu ikiwa imenyooka, bila kupinda, na itoke kwa kukwaruza kidogo. Wasiozoea huhisi kila bapa "inakwaruza". Basi tumia njia ya ndiyo na hapana: kama 0.25 inapita na 0.30 inagoma, uko kati ya hizo mbili. Ingiza za katikati mpaka upate ya mwisho inayopita. Oili nyingi juu ya shimu hudanganya upande wa kubana, kwa hiyo ifute.

Ukikuta zote ziko ndani ya kipimo na kelele ipo, rudi kwenye manifoldi na visima vya plagi. Usibadili shimu nzuri ili ionekane kazi imefanyika.

Kuchagua shimu

Shimu za injini hizi ni za unene wa 2.50 hadi 3.30 mm, zikipanda kwa 0.05, yaani saizi 17. Namba huchapishwa upande mmoja: 270 ni 2.70 mm. Hesabu ni hii, T ikiwa unene wa shimu iliyopo na A nafasi uliyopima:

Inleti: shimu mpya = T + (A − 0.20)
Eksozi: shimu mpya = T + (A − 0.30)

Chukua mfano wa eksozi yenye nafasi ya 0.43 na shimu ya 2.70. Jibu ni 2.83, saizi ambayo haipo. Ukiweka 2.85, nafasi itakuwa 0.28, ukiweka 2.80, itakuwa 0.33. Zote ziko ndani ya kipimo, lakini upande wa eksozi chagua 2.80. Siti na uso wa vali vinapolika, vali hupanda na nafasi hupungua, hivyo inayoanza na 0.33 ina muda mrefu zaidi kabla ya kubana kuliko inayoanza na 0.28. Ambaye gari lake limefungwa mfumo wa gesi azingatie hili maradufu, maana gesi hula siti za eksozi upesi kuliko petroli.

Inleti iliyobana nayo: nafasi 0.10, shimu 2.85, jibu 2.75.

T usiisome kwenye namba iliyochapishwa. Ipime kwa mikromita katikati, pale nundu inapopita, kwa sababu shimu yenye miaka 25 imelika na maandishi yake hayajui. Yenye mfereji unaoshikika kwa ukucha itupe hata kama unene wake unafaa.

Usikimbilie dukani baada ya vali ya kwanza. Maliza kupima zote na kutoa shimu zinazohitaji kubadilishwa, moja baada ya nyingine huku ukirudisha kila moja mahali pake, kisha kaa na karatasi. Mara nyingi shimu inayotoka silinda moja ndiyo inayotakiwa na nyingine, na unajikuta unanunua tatu badala ya nane. Hizo zinazopungua, wauza vipuri vya injini zilizokwishavunjwa, Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, huwa nazo za kutumika. Nenda na mikromita yako, pima palepale.

Kubadili

Zungusha krenkshafti mpaka nundu ya vali unayoifanyia kazi itazame juu kabisa. Kabla ya kubonyeza, zungusha kikombe kwa bisibisi nyembamba ili mkato wake utazame upande wa plagi, ukishabonyeza hakitazunguka. Ingiza kipande cha kwanza cha kifaa, bonyeza kikombe, chomeka kipande cha pili kwenye ukingo wa kikombe ili kikishikilie chini, kisha toa cha kwanza. Kipande cha pili kishike ukingo tu, kisipande juu ya shimu.

Shimu imegandishwa na oili, haitoki kwa kuvuta. Ingiza ncha ya bisibisi kwenye mkato, inyanyue kidogo, imalizie kwa sumaku. Upepo wa kompresa kwenye mkato huirusha vizuri, ila vaa miwani na weka kitambaa. Ipake mpya oili, iweke upande wenye namba ukitazama chini, ili nundu isifute maandishi. Rudisha kipande cha kwanza, toa cha pili, achia polepole.

Usizungushe injini hata robo mzunguko kikombe kikiwa hakina shimu. Nundu itakula ukingo wa kikombe, na kikombe kilichoharibika hakitoki bila kufungua kamshafti.

Kuna mafundi wanaopendelea kufungua kamshafti moja kwa moja badala ya kutafuta kifaa. Kwenye injini hizi si njia ya mkato. Kamshafti moja inaiendesha nyingine kwa gia, na gia mojawapo imeundwa kwa vipande viwili vyenye springi katikati, ambayo lazima ifungwe kwa bolti ya muda kabla ya kulegeza kofia. Shafti ikinyanyuka upande mmoja huku springi za vali zinasukuma, kofia ya kwanza au hedi yenyewe hupasuka. Anayelazimika alegeze kofia zinazoshikilia kamshafti kidogo kidogo kwa zamu, na wakati wa kurudisha azikaze kwa 13 Nm tu.

Shimu zikishaingia, zungusha krenkshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha pima upya zote ulizogusa. Shimu isiyokaa vizuri itajionyesha hapo.

Kufunga

Gasketi ya tapeti kava na sili za visima vya plagi ziwe mpya. Ya zamani imeshakuwa plastiki na itavujia moja kwa moja kwenye manifoldi ya moto. Futa nyuso zote mbili zikauke. Silikoni ipakwe tone dogo tu kwenye kona ambako kofia ya mwisho ya kamshafti inakutana na hedi. Ukizungusha silikoni kava nzima, inayobanwa kwenda ndani hukatika na kuishia kwenye chujio la pampu. Nati tatu za kava zikazwe taratibu kwa zamu, kwa ratcheti fupi na bila nguvu. Zina mpira chini yake na kazi yao ni kugandamiza, siyo kuvuta.

Kabla ya kurudisha plagi, kama kulikuwa na vali iliyobana, pima kompresheni. Isipungue kilo 10 kwa sentimita ya mraba, na silinda zisitofautiane kwa zaidi ya kilo 1. Pima petroli ya injekta ikiwa imekatwa, pedali ya mafuta ukiikanyaga mpaka mwisho. Silinda iliyo chini baada ya nafasi kurekebishwa ina vali iliyokwisha kuungua, na hiyo ni kazi ya kufungua hedi.

Washa, acha sailensa kwa dakika 10, sikiliza. Kelele kidogo ya juu itabaki, kwa sababu shimu ngumu hazinyamazi kabisa. Inayotakiwa kuondoka ni ile tik moja inayojitokeza kuliko nyingine. Kagua mvujo kuzunguka kava baada ya safari ya kwanza.

Injini nyingine kwa kifupi

1NZ-FE ya IST, Probox na Premio, pamoja na 1ZZ-FE, zina vipimo vilevile vya 0.15–0.25 na 0.25–0.35, lakini hazina shimu juu. Kikombe chenyewe ndicho chenye unene tofauti, kwa hiyo kurekebisha ni lazima kamshafti zitoke, na cheni ya taimingi ishikiliwe isidondoke. Kwenye hizo, mkwaruzo wa sekunde chache unapowasha baridi mara nyingi ni cheni au tensheni yake.

1HZ ya Land Cruiser hutumia shimu, inleti 0.15 hadi 0.25, eksozi 0.35 hadi 0.45, baridi. Honda D15B ina skrubu na nati: inleti 0.18 hadi 0.22, eksozi 0.23 hadi 0.27, nayo baridi. Shikilia skrubu kwa bisibisi wakati unakaza nati, kisha pima tena, maana nati ikikazwa huivuta skrubu na kubadili kipimo.

Toyota za karibuni zenye 1ZR-FE na 2ZR-FE zina virekebishaji vya haidroliki. Huko ndiko oili chafu au presha ndogo inaweza kuleta tik-tik yenyewe, na kubadili oili kukaiondoa.